Kabla ya kumcheka aliyezomewa, uliza alipangwa wa ngapi

Kila baada ya wiki chache hupita kwenye simu zetu kipande cha video kinachofanana na kilichotangulia. Mchekeshaji chipukizi amesimama jukwaani, kakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Anatoa kichekesho cha kwanza, ukumbi kimya. Anatoa cha pili, mtu wa nyuma anaguna. Cha tatu hakifiki mwisho, zomeazomea inaanza, na kijana anashuka na tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu kwenye daladala akaamua kutogomba. Video inakatika hapo. Chini yake wabishi hugawanyika makundi mawili tu. Wapo wanaosema kijana hana kipaji, akamsaidie mjomba wake dukani. Na wapo wanaosema hadhira yetu haina adabu, kwamba ingekuwa Ulaya au Marekani watu wangekaa kimya wakasikiliza hadi mwisho. Naona wote wanatazama pasipohusika. Mapokezi ya ukumbi hutengenezwa kabla msanii hajafungua mdomo: na ratiba, na mpangilio wa viti, na bei ya tiketi, na mtu anayeamua nani apande lini. Waliolijua jambo hili kuliko wengine wote ni wafanyabiashara wa Marekani kati ya miaka ya 1880 na 1930, na biashara yao ya maonyesho ya jukwaani iliitwa vodevili.

Nilikuwapo ukumbini mara moja kijana mmoja alipozomewa hivyo, hapa Dar es Salaam. Tiketi ilisema saa moja jioni. Onyesho lilianza saa mbili na robo. Kijana wa kwanza alipandishwa huku nusu ya watu wakitafuta viti kwa tochi za simu, wahudumu wakikatiza mbele ya jukwaa na sahani za chipsi mayai, na fundi mitambo bado anahangaika na spika ya kushoto. Kichekesho chake kilikuwa cha maneno matupu, kirefu, cha aina inayotaka usikie mwanzo ndipo ucheke mwishoni. Mwanzo wenyewe hakuna aliyeusikia. Video iliyosambaa kesho yake ilimwonyesha yeye tu, kuanzia kiunoni kwenda juu. Wahudumu hawakuwamo.

Vodevili ilikuwa onyesho la mchanganyiko. Kwa tiketi moja mtazamaji alipata wanasarakasi, waimbaji, mbwa waliofunzwa kutembea kwa miguu miwili, wachekeshaji wa kujibizana, igizo fupi, mtu wa mazingaombwe na wacheza dansi, kila mmoja kwa dakika 10 hadi 20, pasipo hadithi yoyote ya kuwaunganisha. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990 hawahitaji maelezo marefu. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, na baadaye Tanzania One Theatre (TOT) ya Kapteni John Komba kuanzia mwaka 1992, ziliweka ndani ya onyesho moja ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho na taarab, na mtazamaji aliyeguswa aliinuka, akacheza mpaka mbele, akatunza. Sisemi vikundi hivyo viliiga Marekani. Nasema ukiwa na ukumbi mmoja na watu wa kila aina, mwenye watoto na mwenye bia, utafika tu kwenye wazo la kumpa kila mtu kitu chake kwa zamu. Kazi inabaki kwenye hizo zamu.

Nianze na hoja dhaifu zaidi, ile ya adabu, kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi. Mei 1849, jijini New York, wafuasi wa mwigizaji wa Kimarekani Edwin Forrest walilivamia kwa mawe jumba la Astor Place kumpinga Mwingereza William Macready, aliyekuwa akiigiza Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, ndani. Askari wakafyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Huyo ni Shakespeare; tukija kwenye burudani ya watu wa kawaida hali ilikuwa ya kelele zaidi, ingawa kwa bahati nzuri haikuwa na risasi. Maonyesho ya mchanganyiko ya miongo iliyofuata mengi yalifanyika kwenye vilabu vya pombe vyenye jukwaa. Wanaume walivuta, walikunywa, walipiga miluzi, waligonga bakora sakafuni, na waliomchoka mwimbaji walimwambia hivyo hivyo bila kumung'unya. Mwanamke mwenye kujali jina lake hakukanyaga humo.

Kilichobadilisha hali si malezi mema ya Wamarekani. Ni hesabu. Tony Pastor, aliyekuwa mwimbaji kabla ya kuwa mwenye ukumbi, alipohamia Mtaa wa 14 jijini New York mwaka 1881, alikuwa ameshatambua kwamba ukumbi wa wanaume peke yao ni nusu ukumbi. Akaondoa pombe katika eneo la watazamaji, akasafisha maneno ya jukwaani, akawavuta kina mama hata kwa zawadi za makaa ya mawe na vitambaa vya magauni. Benjamin Franklin Keith wa Boston, aliyeanza mwaka 1883 kwa kijumba cha maonyesho ya ajabu ambacho kivutio chake kilikuwa mtoto njiti, alilipeleka wazo hilo mbali zaidi akiwa na mshirika wake Edward Albee. Kwenye majumba yao watazamaji walipewa kadi zilizochapwa. Mabwana waliombwa wasipige miguu wala kugonga fimbo sakafuni, kwani shukrani huonyeshwa vizuri zaidi kwa makofi. Mabibi waliombwa wavue kofia zao kubwa wasiwazibe walio nyuma. Nyuma ya jukwaa lilibandikwa tangazo kwamba msanii atakayetamka maneno fulani ya mtaani, ambayo leo mwanafunzi wa darasa la nne angeyaona mepesi, atafukuzwa papo hapo. Wasanii wakaupa mtandao wa Keith jina la Mzunguko wa Shule ya Jumapili, na hawakukusudia sifa.

Kwa hiyo ule ukimya wa Kizungu tunaousifia ulikuwa bidhaa. Kuna mtu aliununua, akauchapa kwenye kadi, akaweka wahudumu wenye sare kuulinda, kisha akauuza kwa familia za tabaka la kati kwa bei nzuri. Na tukiuchunguza tunaona ulivyogawanywa. Waliokaa chini kwenye viti vya bei walinyamaza kwa hiari. Waliokaa roshani ya juu kabisa, kwa senti chache, ndio walioandikiwa kanuni. Katika majumba mengi Wamarekani Weusi waliuziwa tiketi za huko juu tu, hata siku ambayo jukwaani alisimama Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, aliyekuwa miongoni mwa wachekeshaji wakubwa kabisa wa zama hizo na ambaye mwenyewe alipakwa masizi usoni ili aonekane mweusi zaidi ya alivyo. Weupe wa chini wakicheka na Weusi wa juu wakicheka, kila upande ulikuwa na sababu zake. Anayetaka kuniambia kwamba ukumbi ule ulikuwa na hadhira moja yenye adabu moja, anieleze kwanza kicheko kipi kati ya hivyo viwili ndicho anachokizungumzia.

Sasa nije kwenye ratiba, ambako ndiko kwenye ufundi wenyewe. Jumba la Palace, lililofunguliwa New York Machi 1913, likawa mahali ambapo kila msanii wa vodevili aliota kufika. George Gottlieb, aliyekuwa akipanga maonyesho yake, alieleza mwaka 1915 jinsi ratiba ya vipande tisa inavyojengwa, na ukimsoma unahisi unamsikiliza fundi seremala. Kipande cha kwanza kisiwe cha maneno. Kiwe cha wanyama, cha dansi au cha sarakasi, kwa sababu watu bado wanaingia, viti vinagongana, na kitu kinachohitaji kusikika kitapotea bure. Cha pili kiimbwe mbele ya pazia, kiwatulize watu vitini, na kiwe bora kidogo kuliko cha kwanza. Cha tatu kiwe igizo fupi la kuwaamsha. Cha nne ndiyo pigo la kwanza, la mtu mwenye jina. Cha tano kiwe kizito zaidi, kiwape watu la kuzungumza wakati wa mapumziko.

Baada ya mapumziko inakuja nafasi ya sita, ambayo nadhani ndiyo ngumu kuliko zote. Watu wanarudi na maongezi yao, ukumbi unapaswa kukusanywa upya, lakini anayewakusanya haruhusiwi kuwa mkali kuliko watakaomfuata. Mara nyingi alipewa mtu wa vichekesho vya vitendo, kwa mfano wa kurusha na kudaka vitu, ambaye hata ukimkosa kwa dakika mbili unaweza kumrukia katikati. Nafasi ya saba iliendea kipande kikubwa cha kutumia jukwaa zima. Ya nane, yaani ya pili kutoka mwisho, ndiyo ya nyota, na kwa kawaida alikuwa mchekeshaji mmoja aliyesimama peke yake na maneno yake. Ya tisa ilirudi kwenye macho: bembea za hewani, farasi, kundi lenye mavazi ya kung'aa, kwa kuwa wapo wanaonyanyuka kuwahi usafiri, na hakuna mzungumzaji anayestahili kuzungumza na migongo ya watu.

Msomaji atambue pale neno tupu lilipowekwa. Mchekeshaji wa kusimama peke yake, mtu mwenye mdomo na basi, alipewa nafasi ya nane, baada ya vipande saba kulifanyia kazi sikio la ukumbi kwa saa mbili hivi. Hata mpishano wa vipande vya mbele ya pazia na vya jukwaa zima haukuwa wa bahati nasibu: huku mwimbaji akiimba mbele, mafundi walikuwa nyuma ya pazia wakisimamisha mandhari ya kipande kinachofuata, ili ukumbi usibaki mtupu hata nusu dakika. Walijua kwamba dakika moja ya ukimya usio na sababu humgharimu msanii anayefuata, ilhali hakuwa na kosa lolote. Kisha linganisha na sisi. Maonyesho mengi ya uchekeshaji humpandisha wa kwanza yule mchanga kuliko wote, mwenye maneno mengi kuliko wote, na uzoefu wa kuyabeba haba kuliko wote. Tunamtupa mtoni kupima kina, halafu tunapiga picha akizama.

Atatokea wa kuniambia kwamba kipaji hakifichiki. Aliye mzuri ni mzuri hata akipanda wakati wa kufagia. Ni hoja ya kupendeza, na waliofanikiwa huipenda zaidi. Lakini wenye vodevili wenyewe, watu ambao kila makosa yaliwatoka mfukoni, hawakuiamini hata kidogo. Onyesho jipya lilianza Jumatatu mchana. Meneja alikaa ukumbini akisikiliza, na baada ya onyesho hilo la kwanza alikuwa na desturi ya kuipangua ratiba: huyu wa pili ashuke awe wa sita, yule wa nne apande awe wa tatu, wimbo ule ukatwe. Msanii alikuwa yuleyule, mavazi yaleyale, jumba lilelile, siku ileile. Kilichobadilishwa ni jirani zake. Kama kuhamishwa nafasi kusingebadilisha mapokezi, wangekuwa wanajisumbua kila Jumatatu kwa miaka 30 bure, na hao hawakuwa watu wa kufanya kitu bure.

Mameneja wa Keith walilazimika pia kuandika ripoti ya kila wiki kwenda makao makuu: kipande kimechukua dakika ngapi, kimetumia sehemu gani ya jukwaa, watu wamekipokeaje, nini kiondolewe. Ripoti za mwaka 1902 hadi 1923 zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Iowa, na watafiti wamezifaidi sana, kwa kuwa ni nadra kupata kumbukumbu ya kicheko iliyoandikwa na mtu mwenye sababu ya kifedha ya kutojidanganya. Hata hivyo, hata hapo tusisahau nani kashika kalamu. Meneja aliposema ukumbi umefurahi, mara nyingi alimaanisha viti vya chini vimefurahi. Roshani ikipiga kelele za furaha kuliko alivyopenda, hiyo ingeweza kuandikwa kama kasoro. Mapokezi yaliyofika ofisini yalikuwa yameshapita kwenye chujio.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, nakiri, ni wa akina dada Cherry kutoka Iowa. Walikuwa dada wa shambani walioimba, kughani na kuigiza mafundisho ya maadili, na kwa maelezo ya karibu kila aliyewaona hawakuwa na hata chembe ya uwezo. Mwaka 1896 Oscar Hammerstein, ambaye ukumbi wake mkubwa wa Olympia ulikuwa ukimtia hasara licha ya wasanii hodari, aliwaleta New York kwa sababu hiyo hasa. Watu wakajaa. Walikuja kuzomea. Magazeti yalisimulia mboga na matunda yakirushwa jukwaani, jambo ambalo akina dada wenyewe walilikana, na jioni baada ya jioni tiketi ziliuzwa. Baadaye mmoja wao aliwashtaki wenye gazeti lililochapisha uhakiki wa matusi juu yao, na mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Iowa ikaamua kwamba anayejiweka mbele ya umma kwa kiingilio anaweza kuhakikiwa, hata kwa ukali na kejeli, mradi si kwa nia mbaya. Hukumu hiyo bado inatajwa na wanasheria wa Marekani.

Tukiwapima akina Cherry kwa makofi, walifeli. Tukiwapima kwa viti, walifaulu kuliko waimbaji waliosoma muziki. Zomea ile haikuwa hukumu ya hadhira juu ya kazi waliyoitazama. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, imeuzwa mapema, na mtazamaji alifika nayo kutoka nyumbani. Ni jambo hilohilo lililofanya usiku wa wasio wazoefu katika kumbi za mtaa wa Bowery uwe maarufu, pale msanii aliyechosha alipovutwa kutoka jukwaani kwa kijiti kirefu chenye ndoano, mfano wa upembo wetu wa kuangulia maembe. Watu walikwenda kuuona upembo. Siku hizi pia nashuku kuna kumbi ambamo baadhi ya watu wamekuja na simu tayari, wakisubiri wa kuzama, kwa sababu video ya aliyezomewa inatazamwa kuliko ya aliyechekesha. Hapo hata bingwa angeanza na deni.

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Inasema hivi: zomea ni shule. Ukiwapanga wasanii kwa upole mno, ukawafunika wachanga na sarakasi na muziki, watakua bila kusikia ukweli, na mwisho tutapata wachekeshaji wanaochekwa na marafiki zao tu. Vodevili yenyewe inaiunga mkono kwa kiasi. Msanii wa zama zile aliweza kuishi kwa kipande kimoja cha dakika 15 kwa miaka mingi, akikipeleka mji baada ya mji, na kila ukumbi ulimpunguzia neno au kumwongezea pumzi. Akifika Palace, kipande hicho kilikuwa kimesuguliwa na maelfu ya masikio. Hadhira ilikuwa mwandishi mwenza. Harry Houdini, bingwa wa kujifungua pingu jukwaani, alikwenda mbali zaidi akawaalika watu walete pingu zao wenyewe kutoka nyumbani au kituo cha polisi. Mapokezi yao yakawa sehemu ya mchezo.

Lakini shule ina madarasa. Yule aliyesuguliwa hivyo alianzia kwenye majumba madogo yenye maonyesho matatu, manne au zaidi kwa siku, mbele ya watu waliolipa senti chache na wasiomkumbuka kesho yake. Alifeli saa nane mchana, akarekebisha, akafeli kwa nafuu saa kumi, na usiku akapata kicheko kimoja cha kweli. Makosa yake yalikufa mjini alikoyafanyia. Mchekeshaji wetu hana mji wa kukoseamo. Anapanda mara moja kwa mwezi akibahatika, na kosa lake la kwanza linafika Mombasa, Mwanza na kwa shangazi yake Muscat kabla hajafika nyumbani. Anayesema zomea ni shule aonyeshe kwanza ni wapi mwanafunzi huyu anaruhusiwa kurudia darasa. Kumbi ndogo za kufanyia mazoezi, usiku usio na kamera, jioni za katikati ya wiki zenye kiingilio cha bei ya soda: hivyo ndivyo vingeipa hoja ya shule miguu, na vipo vichache mno.

Wala sitaki kuonekana kwamba natamani meneja mwenye nguvu. Mamlaka ya kupanga yalikuwa pia mamlaka ya kuzika. Kuanzia mwaka 1906 Albee na wenzake waliendesha ofisi ya pamoja ya kukodi wasanii, iliyochukua asilimia 5 ya malipo yao na kuwafungia milango waliokaidi. Wasanii walikuwa wameunda chama mwaka 1900, wakajiita Panya Weupe, wakagoma mwaka 1901, na kufikia mwaka 1917 chama kilikuwa kimevunjwa nguvu. Hapo mwanzo nacho kiliwakataa wanawake na Weusi, kwa hiyo jina lake lilisema zaidi ya lilivyokusudia. Ratiba za majumba makubwa kwa kawaida ziliacha nafasi kwa kundi moja tu la wasanii Weusi. Mpangaji angeweza kulifanya lipendwe au lisahaulike kwa kulisogeza nafasi mbili, na hakuna aliyeweza kumshtaki.

Na kuna nyakati ambapo ukumbi ulikuwa na haki ya kuvunja utaratibu. Mwaka 1907 vyama vya Waayalandi wa New York vilichoshwa na kina Russell, ndugu wawili wa kiume waliokuwa wakivaa magauni na kuigiza wasichana wa kazi wa Kiayalandi kama wajinga na walevi. Kichekesho kilikuwa kimechekesha kwa miaka mingi, na Waayalandi wenyewe walikuwa wameshakicheka. Safari hii waliingia ukumbini kwa mpango, wakazomea, wakarusha mayai, mpaka kipande kikashushwa. Hakuna kilichobadilika jukwaani. Kilichobadilika ni kwamba mabinti wa wale wasichana wa kazi sasa walikuwa makarani na walimu, na baba zao walikuwa wapiga kura wenye sauti mjini. Zomea ile ilikuwa imepangwa kama ratiba yoyote ya Palace, ila waliopanga walikaa upande wa pili wa taa.

Kisa kingine kiko karibu nasi kidogo. Miaka ya 1920 mume na mke Wamarekani Weusi waliojulikana kwa jina la jukwaani la Glass na Grant walifanya maonyesho Accra, na wasanii wa pwani ya Ghana, Bob Johnson akiwa maarufu miongoni mwao, wakachukua kutoka vyanzo kama hivyo nyimbo, vichekesho na hata masizi ya usoni, wakavijenga upya kwa lugha zao. Masizi yaliyokuwa tusi Marekani, huku yakawa alama tu kwamba huyu ndiye mchekeshaji, jiandae kucheka. Kwa hiyo tunapodai kujua hadhira fulani ilimaanisha nini ilipocheka au kununa, tuwe na haya kidogo.

Vodevili iliondoka kwa mlango iliyoufungua yenyewe. Picha za sinema zilionyeshwa kwenye ukumbi wa Koster na Bial jijini New York Aprili 1896, na miezi miwili baadaye mashine ya sinema ya ndugu Lumière wa Ufaransa ikafika kwa Keith, zikiwa kipande kimoja tu katika ratiba. Kuna simulizi kwamba baadaye filamu ziliwekwa mwisho makusudi ili kuwachosha watu watoke, waingie wengine. Wanahistoria wamebishana sana juu yake na wengine wameonyesha kwamba watu walizipenda filamu hizo kuliko simulizi inavyodai. Vyovyote ilivyokuwa, kipande cha tisa kilikula vingine vyote. Mwaka 1932 Palace ikawa jumba la sinema. Wachekeshaji walioingia redioni waligundua kwa hofu kwamba kipande walichoishi nacho miaka kumi kiliisha kwa usiku mmoja, maana nchi nzima ilikuwa imeshakisikia. Hasara nyingine haikusemwa sana. Ukiutoa mchezo ukumbini, jirani zake wanapotea: hujui nani alitangulia, mlango ulikuwa ukifunguliwa mara ngapi, roshani ilisema nini. Unabaki na mtu na uso wake. Ndiyo ile video yetu.

Kwa hiyo ninayewalalamikia ni waandaaji, na ninachowadai ni vitu vya kawaida. Onyesho la saa moja lisichelewe kupita saa moja na nusu. Chakula kisipite mbele ya jukwaa mtu anapozungumza. Mchanga awekwe wa tatu, baada ya ukumbi kukaa, na kabla tu ya mtu mwenye jina ili akiteleza apokewe haraka. Anayerekodi arekodi na ukumbi pia. Na nafasi ya kwanza, ile ya viti vinavyogongana na tochi za simu, wapewe watu wasiohitaji kusikika. Tunao. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi wakaunda kikundi cha taifa, na tangu hapo ufundi huo haujakatika. Wajukuu wao wa kisanii wako mitaani na ufukweni, wakipandana mabega mpaka wa tano, huku ngoma ikipigwa. Chipsi zinaweza kupita. Wa juu kabisa akisimama kwa mkono mmoja, mhudumu mwenyewe ataisahau sahani.